Chupa Tatu za Injinia Ngalula

Vijana wa maabara, mliniomba niwaachie maandishi kabla sijaanza kusahau, na mkaongeza kwamba hamtaki hotuba. Vizuri. Hotuba nilizisikia za kutosha siku ya kuniaga, na katika zote sikumtambua yule mtu aliyekuwa akisifiwa. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Nitaandika juu ya rejista, juu ya vipande vya aluminiamu, na juu ya mtu mmoja niliyemkosea. Rejista yenyewe ipo kabatini, rafu ya chini, ile ya jalada la kijani lililoliwa na asidi pembeni. Mkimaliza kusoma haya mnaweza kwenda kuitazama.

Niliingia maabara ya kiwanda hapa Kolwezi nikiwa kijana mwembamba mwenye diploma na viatu vya kuazima. Mkuu wa maabara alikuwa Tata Kalenga, mwenyeji wa Tenke, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama mtu anayepima dawa. Hakuniuliza nimesoma nini. Alinipa jiwe moja na mzani, akaniambia nilipime mara kumi na kuandika kila nilichosoma. Mara ya saba niliandika namba kwa makosa. Nikafanya kama tulivyofundishwa shuleni: nikaikuna kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyeupe, nikaandika nyingine juu yake, safi kabisa.

Tata Kalenga aliinua ukurasa dirishani. Mwanga ulipita pale nilipokuna.

"Kosa, hapana kuifuta," aliniambia. "Piga mustari moja tu juu yake, tuone vile ulikosea. Andika ya kweli pa juu. Andika sababu. Tia saini, na mwenzako atie yake."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na hamjaisikia kwangu mara moja tu. Kosa linapigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Neno sahihi linaandikwa juu yake, sababu inaandikwa pembeni, na saini zinakuwa mbili: ya aliyekosea na ya aliyehakiki. Bila saini ya pili, sahihisho halijakamilika. Nilipima lile jiwe siku nzima, na jioni nikaona kama ninawajua baba yake na mama yake.

Sheria ya pili niliipata kwa aibu kubwa zaidi. Dereva mmoja alituletea gunia la mawe kutoka Fungurume. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Dilolo, mpakani na Angola, na kwa kuwa alizungumza sana habari za kwao, mimi nikaandika kwenye rejista kwamba mawe yametoka Dilolo. Mawe yalikuwa mazuri mno. Wiki mbili baadaye mainjinia walikuwa wakitafuta gari la kwenda kuchunguza mpaka wa Angola. Tata Kalenga aliwazuia, akaniita, akanionyesha ile safu ya rejista inayouliza kitu kimetoka wapi. Akasema pale haandikwi aliyekileta, wala tunakodhani kilianzia. Panaandikwa mahali kilipochukuliwa, basi. Kwa miezi kadhaa wenzangu waliniita Tata Dilolo, na mmoja wao, Mungu amrehemu, aliniita hivyo mpaka alipokufa.

Tata Kalenga aliondoka kazini, nami nikawa nimekalia kiti chake nilipopata ile kesi ya ngazi. Kwenye jumba la matangi ya asidi, ngazi za chuma zilikuwa zinaliwa upesi, kwa hiyo ziliwekwa za aloi ya aluminiamu. Zilikaa miaka zikiwa nyeupe, kila mtu akizisifu. Asubuhi moja kidato kilikatika chini ya mguu wa fundi mmoja, naye akavunjika nyonga. Nililetewa vipande viwili vya kidato. Havikuwa na kutu wala havikuwa vimekonda. Mtu angeweza kuapa ni vipya. Nilikata kipande, nikakisugua mpaka kikang'aa kama kioo, nikakiweka chini ya hadubini. Nyufa zilikuwa zimepita baina ya chembe za metali, zikifuata mipaka yake bila kuvunja hata chembe moja. Niliandika nilichoona. Nilipofika kwenye sababu, niliandika kwamba siijui.

Ndipo akaja Ngalula. Alikuwa injinia kijana, aliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, nyumba za wafanyakazi, binti wa msimamizi wa kiwanda cha kuyeyushia ambaye Kampuni ya mgodi ilimleta kutoka Kasai akiwa bado kijana. Alisoma ripoti yangu ya ngazi, akafika kwenye yale maneno "sababu siijui", akaniambia hayo ndiyo maneno aliyokuwa anayatafuta. Alikuwa ameandikishwa udaktari chuo kikuu, na profesa wake alikuwa ng'ambo. Alitaka kujua jinsi mkazo unavyobadilisha kuliwa kwa aloi za aluminiamu. Nikamwambia ni swali refu. Akanijibu kwamba yeye ana subira. Baadaye niligundua kwamba hana, ila alikuwa na ukaidi, na katika maabara ukaidi unafanya kazi ile ile.

Jaribio lenyewe mtoto angelielewa. Tulikata vipande vyembamba kutoka sahani moja ya aloi. Vingine tulivikunja kama kiatu cha farasi, tukavifunga miguu kwa bolti ili visijikunjue, tukaviacha vikavu. Vingine tuliviacha vimenyooka, tukavitia kwenye chupa za maji ya chumvi. Na vingine tulivikunja, tukavifunga bolti, tukavitia kwenye chumvi. Kisha kila asubuhi na kila magharibi tulitazama kwa kioo cha kukuzia na kuandika. Vilivyokunjwa bila chumvi havikufanya lolote. Vilivyotiwa chumvi bila kukunjwa vilipata vidoa vidogo. Vile vilivyopata yote mawili vilikaa kimya wiki, miezi, vikiwa vizuri kuliko vyote, halafu siku moja unakuta ufa mwembamba kama unywele. Mkazo peke yake hauvunji, na chumvi peke yake haivunji. Kuna watu wataona hapa mahubiri ya bure. Mimi nilikuwa naona tu kazi ya kuangalia chupa mara mbili kwa siku, Jumapili ikiwemo.

Mwaka wa kwanza tuliupoteza wote kwa sababu ya usafi. Nyakati zile kulikuwa na salongo, kazi ya usafi ya lazima kila Jumamosi, na ofisi zilikaguliwa. Jumamosi moja mfagiaji wetu, mtu wa bidii isiyo na breki, alikuta vipande vyetu vimejaa vidoa kwenye maji machafu. Alivitoa vyote. Alifungua bolti, akavisugua kwa mchanga na ndimu, akavinyoosha kwa nyundo, akavipanga mezani kwa urefu. Maabara ikapewa sifa. Ngalula aliingia Jumatatu, akavitazama, akaketi. Hakumgombeza mtu. Aliniuliza kama sahani ya aloi bado ipo, na mchana tukaanza kukata upya.

Halafu mambo yakaanza kuporomoka, kwanza mgodini, kisha kila mahali. Vipuri havikuja tena. Chumvi safi ya maabara ikaisha, na Ngalula akakataa chumvi ya soko kama ilivyo. Tuliiyeyusha, tukaichuja, tukaichemsha mpaka ikaganda upya, mara tatu. Karatasi ikaisha, tukapiga mistari nyuma ya ramani za zamani. Umeme ulikuja ulipopenda. Chupa hazikuhitaji umeme, na mara nyingi zilikuwa ndicho kitu pekee kinachofanya kazi katika jengo zima. Tulikuwa na chupa nne zilizobaki, zile ambazo vipande vyake alikuwa amevikunja kidogo kuliko vyote. Jedwali la tasnifu yake lilingoja hizo.

Wakati huo wanasiasa wa mkoa wetu wa Katanga walikuwa wamekwisha kusema kwamba watu wa asili ya Kasai warudi kwao. Wengi wao kwao kulikuwa hapa, lakini neno lilikuwa limetoka, na vijana wenye fimbo walilipokea. Kiwandani likafika kwa njia ya karatasi. Karani wa ofisi ya wafanyakazi aliniletea orodha ya watu wa maabara: jina, kazi, na mahali mtu anapotoka. Akasimama mlangoni kungoja niijaze.

Nilijaza wote upesi mpaka nikafika kwa Ngalula. Nikamwambia karani kwamba huyu alizaliwa hapa.

"Tata yake anatoka wapi?" akauliza habari ya baba yake.

"Kasai. Alikuja na Kampuni."

"Basi unajua. Andika."

Nikaandika Kasai, kwa mwandiko wangu mzuri, ule ule wa rejista. Karani aliupuliza wino ukauka, akaenda. Nilijiambia kwamba alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na haraka. Wiki hiyo jirani yangu, mtu wa kwetu kabisa kutoka kaskazini ya mkoa, alikuwa amepigwa kwa sababu aliwaficha shemeji zake wa Kasai. Hilo sikujiambia.

Kesho yake orodha ilikuwa imepigiliwa mlangoni. Ngalula aliisoma akifuata kwa kidole, kama alivyosoma majedwali. Kisha akaja mezani, akachukua kioo, akatazama chupa moja moja, akaandika.

"Tata Ngoy," akasema bila kuinua kichwa, "mu rejista yetu tunaandikaka pale tulikamata kintu. Mi, mulinikamata wapi?"

Nilivuta rejista upande wangu. Akaniambia kipande cha chupa ya nne kimepasuka, nitie saini.

Siku chache baadaye wale vijana wenye fimbo walifika mtaani kwao, na familia yake ikahamia stesheni. Mliozaliwa baadaye hamkuiona stesheni ile. Watu walikuwa wamekaa wazi, wiki baada ya wiki, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Tenke na kutoka hapo kaskazini hadi Kasai. Walikuwa na magodoro, masufuria, hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao. Siku ya tatu nilikwenda mchana na unga na dumu la maji. Baba yake Ngalula alikuwa amekaa juu ya kitanda cha chuma, akitazama upande wa kiwanda. Nilimsalimu, naye akaniitikia vizuri, kama mtu anayemwitikia mkuu wa binti yake. Ningependa angenitukana.

Ngalula hakuuliza habari ya orodha. Alizungumza habari ya chupa, na ya bolti, ambazo yeye aliziita bulo.

"Zinabakia tatu. Usifungue bulo, hata wakuambie nini. Ukifungua bulo, kazi yote imekufa. Asubui na mangaribi uangalie na ile kioo, uandike siku na saa."

"Nitaandika."

"Uandike kweli, Tata Ngoy."

Nilisema ndiyo. Nilikuwa na la kuongeza, nikaona watu wananitazama, nikaondoka. Behewa lao lilipoondoka sikuwepo. Niliambiwa tu.

Uporaji ulipofika maabara, waporaji walitaka nyaya za shaba, na mizani kwa sababu inang'aa. Hawakugusa chupa. Asubuhi ile ile nilizifunga kwenye blanketi, nikazipakia kwenye baiskeli pamoja na rejista ya kijani, nikaisukuma baiskeli nikitembea mpaka nyumbani. Nilikuwa nimewahi kusafirisha dhahabu ya sampuli bila jasho, lakini safari hiyo shati lililowa. Mke wangu alitazama vile vyuma vilivyopindwa ndani ya maji, akauliza kama tumekosa chakula kiasi cha kuchemsha ngazi. Nilimwambia ni za Ngalula. Akaondoa vyombo vyake kwenye rafu ya dirishani.

Mtaani maneno hayakukosa. Mtu anayeangalia chupa kwa kioo asubuhi na magharibi, kisha anaandika, ana kesi ya kujibu. Wakasema Ngoy anafuga Bakasai mu chupa. Shemasi wa parokia alikuja kwa upole kuniombea, na alikuwa na chumvi iliyobarikiwa aliyotaka kuitia ndani. Nilimwomba aitie nje, mlangoni, kwa sababu iliyomo ndani ilikuwa imeshapimwa. Alifikiri kidogo, akakubali. Ni mtu mwenye busara na bado yu hai.

Chupa ya kwanza ilipasuka kabla ya mvua. Niliona ufa pale kwenye mkunjo, nikaandika siku na saa, nikafurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi peke yangu. Ya pili ilipasuka mwaka uliofuata. Ya tatu haikupasuka. Niliiangalia mara mbili kila siku mpaka watoto wangu wakawa wanaiamkia. Siku mbili nilikuwa na malaria na sikuangalia. Niliandika hivyo.

Barua ya Ngalula ilikuja kwa mkono wa mama mmoja aliyekuwa akifanya biashara ya samaki wakavu na kusafiri kwa treni. Alikuwa anafundisha shule ya sekondari huko Kasai, mahali ambapo, aliandika, watoto wanamcheka kwa Kiswahili chake na kumwita mtu wa Katanga. Baba yake alikuwa amefariki njiani. Profesa wake alikuwa tayari kumsoma, kama jedwali litakamilika. Aliomba rejista na chupa. Salamu zilikuwa za mke wangu na watoto, na zangu zilikuwa mwishoni.

Nililia kwa ajili ya yule mzee wa kitanda cha chuma. Kisha nikafungua rejista ukurasa wa mwisho, nikanakili ile safu ya orodha kama nilivyoijaza: Ngalula, injinia, Kasai. Juu ya Kasai nikapiga mstari mmoja. Juu yake nikaandika Kolwezi. Pembeni, kwenye sababu, nikaandika: haraka. Nikatia saini, nikaacha nafasi ya saini ya pili. Sikuandika barua. Mama wa samaki aliondoka na rejista, vipande viwili vilivyopasuka, na cha tatu kikiwa ndani ya chupa yake, nimeifunga kizibo kwa nta.

Baada ya hapo ikawa kimya kwa miaka mingi. Vita vikaja vikapita, kiwanda kikafungwa, kikafunguliwa na wengine, nami nikarudishwa kuwafundisha ninyi kutumia mashine zinazojiandikia zenyewe. Hizo hazikuni kwa wembe, lakini kuweni macho. Nilikuwa nimeacha kungoja nilipoletewa boksi kutoka Kasai. Ndani mlikuwa na tasnifu, rejista ya kijani, na ile chupa.

Nilisoma tasnifu taratibu, Kifaransa changu kikilalamika. Jedwali lilikuwa zima. Vipande vyote, kwenye safu ya mahali vilipochukuliwa, viliandikwa Kolwezi, ingawa sahani ya aloi ilitoka ng'ambo, kwa sababu tuliikata hapa. Chupa za mwisho zilikuwa na jina langu kama msomaji, na zile siku mbili za malaria zilikuwepo, zimewekewa alama. Ya tatu iliandikwa: haijapasuka.

Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho wa rejista. Pale nilipoacha nafasi, hakukuwa na saini. Alikuwa ameanzia pembeni, kwenye sababu. Juu ya neno langu "haraka" alipiga mstari mmoja, likiwa bado linasomeka. Juu yake aliandika: woga. Chini yake aliweka saini yake, na siku, na saa, na kando yake nafasi ya saini ya pili.

Niliifunga rejista, nikaiweka rafu ya chini. Ilikaa huko miaka saba, nami nilipita mbele ya kabati hilo kila asubuhi nikiwafundisha ninyi sheria ya Tata Kalenga. Niliona hasira kwanza, maana nilikuwa nimetunza chupa zake. Baadaye niliona haya, na haya ilikaa muda mrefu zaidi.

Chupa ya tatu ipo dirishani, nyuma ya mzani wa zamani. Msifungue bolti. Muiangalie asubuhi na magharibi, na msipoiangalia, muandike kwamba hamkuiangalia. Jumatatu iliyopita, kabla ya kukabidhi funguo, niliitazama mara ya mwisho: haijapasuka. Kisha nikatoa rejista ya kijani, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikatia saini yangu katika nafasi aliyoniachia, chini ya neno "woga", nikaandika na saa.